Daktari Kimleang na Wanaokuja Usingizini

Daktari Chhay Kimleang anastaafu tarehe 31 Agosti 2023, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya wilaya ya Prey Thom kwa miaka thelathini na mitano. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia katika Kliniki ya Afya ya Akili, ile nyumba ya njano nyuma ya wodi ya wazazi ambayo wageni hudhani ni stoo. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Teang Borin, mfamasia wa kliniki hiyo, kazi ya kuandika wasifu wake, ikaniomba nisiwe na maneno mengi. Wananijua vizuri, kwa hiyo lawama ni zao.

Alizaliwa mwaka 1963, mtoto wa tatu wa fundi cherehani wa sokoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili shule zilipofungwa na watu kupelekwa mashambani kwa nguvu. Alipopata nafasi ya kurudi darasani alikuwa msichana mkubwa, akakaa benchi moja na watoto waliomfika kiunoni, na anasema hakuona haya hata kidogo. Alihitimu udaktari mwaka 1988, akaletwa hapa juu ya lori la mchele akiwa na sufuria moja na baiskeli isiyo na breki. Sufuria bado anayo. Baiskeli ilimalizikia kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa wilaya, na alama yake ilionekana pale mpaka ofisi ilipopakwa rangi upya.

Wakati huo daktari wa wilaya alikuwa kila kitu. Alizalisha, aling'oa meno, alitibu malaria, alikata miguu ya wakulima waliokanyaga mabomu yaliyosahauliwa ardhini. Mwaka 1999 akaitwa Phnom Penh kusomea magonjwa ya akili, na wenzake wakamcheka waziwazi. Daktari wa upasuaji wa enzi hizo alimwambia kwamba anautupa udaktari ili akawe shoga wa vichaa. Daktari huyo baadaye alikuwa akiingia kwenye ile nyumba ya njano kwa mlango wa nyuma kutafuta usingizi, na ninaandika haya bila woga kwa sababu mwenyewe alipenda kuyasimulia kwenye harusi.

Aliporudi mwaka 2001 alipewa meza, benchi na nyumba yenye popo. Wagonjwa walikuja, lakini hakuna aliyeingia akasema ana sonona. Walisema moyo umekuwa mdogo, wanawaza mno, upepo umewapanda kichwani, shingo inataka kupasuka. Karibu kila mtu mzima wa wilaya hii alipita katika enzi ya Pol Pot, ile miaka ya njaa, kazi za nguvu na mauaji, na waliopita pale hawakutoka wazima. Mchana walilima, walioa, walicheza karata. Usingizi ulipowachukua walirudishwa kulekule walikotoka.

Madaktari vijana wakiwauliza, "Unaota nini?" walijibiwa, "Siku hizi sioti kitu." Daktari Kimleang aliwauliza, "Nani anakuja?" na mtu akavuta benchi akakaa. Kwetu hapa waliokufa hawaotwi, wanakuja. Nimefanya naye kazi tangu mwaka 2005 na nimeliona swali hilo likifungua vinywa ambavyo hata wake na waume walikuwa wameshindwa kuvifungua.

Mimi ni mfamasia, kwa hiyo mtanivumilia kidogo katika habari za dawa. Zamani kabati letu lilikuwa na amitriptilini, dawa kongwe ya sonona, na vidonge vya kulaza watu, basi. Vidonge vya kulaza watu Daktari Kimleang alivitoa kwa mkono mzito sana, maana vinazoeleka upesi na mtu akivizoea anakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Baadaye zikaja dawa mpya za sonona, na wengi walipata nafuu. Lakini walibaki watu wa aina mbili waliomnyima raha: wale wanaoogopa kulala kwa sababu ya jinamizi, na wale ambao sonona yao haisikii dawa, ukibadilisha ya kwanza ukaweka ya pili wao wako palepale.

Kwenye mkutano mmoja wa madaktari alisikia habari za prazosini. Ni dawa kongwe ya presha, ambayo pia hutumika kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, na madaktari wa ng'ambo waliokuwa wakitibu askari waliona kwamba kwa baadhi yao inatuliza jinamizi. Kwa baadhi tu. Yeye mwenyewe alituambia mapema kwamba wataalamu bado wanabishana, kwamba kuna anayesaidika sana na kuna asiyeona tofauti yoyote, na kwamba hatupaswi kumwahidi mtu muujiza. Kisha akaniambia niitafute. Nililalamika, kama ilivyo kawaida yangu, halafu nikapanda basi nikaifuata Phnom Penh.

Wa kwanza kupewa alikuwa Mzee Khiev, askari mstaafu. Usiku wa kwanza alitaka kwenda haja ndogo, akainuka kwa kishindo kama aliyeitwa kwenye gwaride. Dawa ya presha ikafanya kazi yake, kichwa kikamzunguka, akaangukia mtungi wa maji. Mtungi ulivunjika, mzee hakuvunjika. Mkewe alijua la kufanya, kama mke yeyote wa hapa angejua: ukisimama na kizunguzungu kikakushika, huo ni upepo umepanda, na upepo ukifika moyoni unaua. Akachukua mafuta na sarafu, akamkwaruza mgongo ili upepo utoke, mpaka mzee wa watu akawa na milia myekundu kutoka shingoni hadi kiunoni.

Asubuhi alikuja kliniki, akaweka pakiti juu ya meza. "Daktari," alisema, "majinamizi yangu yalikuwa yananitisha tu. Hii yako inataka kuniua kabisa."

Sisi tulicheka. Daktari Kimleang hakucheka, akamwita mke wa mzee akakaa naye muda mrefu. Aliona jambo ambalo hakuna karatasi ya dawa iliyoliandika: kwamba dawa hii inamletea mtu wa kwetu kilekile anachokiogopa kuliko vyote, na mtu akishaogopa upepo hataimeza tena hata umpigie magoti. Akatunga utaratibu wake. Dozi ya kwanza iwe ndogo kabisa, imezwe mtu akiwa tayari ndani ya chandarua. Akiamka asisimame. Akae, ashushe miguu, akunje chandarua taratibu mpaka akifunge juu kwenye kamba, ndipo ainuke. Kukunja chandarua vizuri hakuna njia ya mkato, na kwa muda huo damu inakuwa imejipanga.

Tena akawa anawaambia mapema, "Usiku wa kwanza upepo utapanda kidogo. Huu si ule wa kuua, huu ni wa dawa, na ukikunja chandarua utashuka." Daktari mmoja kijana alilalamika kikaoni kwamba tunafundisha ushirikina ndani ya hospitali ya serikali. Daktari Kimleang alimjibu bila kukasirika: "Wewe unaita presha, yeye anaita upepo, kichwa kinachozunguka ni kimoja. Nataka kisianguke." Mzee Khiev alikubali kuanza upya. Siku hizi malalamiko yake makubwa ni kwamba mkewe anakoroma.

Kamati imenitumia orodha ya mafanikio ya Daktari Kimleang ili niinakili yote. Amefundisha wauguzi wa vituo vya afya vyote vya wilaya. Amepigania mpaka dawa za akili zikaingizwa katika bajeti ya hospitali kama dawa nyingine. Amewafukuza popo. Amepewa vyeti ambavyo amevifunikia mapipa ya mchele nyumbani kwake, na siyatungi haya, nimeyaona kwa macho yangu. Mkiniuliza mimi, hata hivyo, yote hayo nayaweka kando namweka Bibi Yoeun mbele.

Bibi Yoeun mnamjua. Ndiye anayeuza tambi za mchele na mchuzi wa samaki getini kwetu, na wengi wenu mmekuja kazini bila kunywa chai kwa kumtegemea yeye. Ameruhusu nimwandike. Nimemsomea kurasa hizi mwenyewe, akasahihisha kitu kimoja tu, kwamba mchuzi wake ni wa kijani na mimi nilikuwa nimeandika wa njano.

Mwaka 2016 alitoweka getini. Tulidhani amekwenda kumsalimia ndugu. Muda ukapita, halafu siku moja binti yake Sokny akamleta kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwa krama, ile skafu yetu ya mirabaraba, kama anayebeba mtoto, kwa sababu mama hakuwa na nguvu za kujishikilia. Alikuwa haongei. Alikuwa hali. Alikwisha kutibiwa kwetu mara mbili: dawa ya kwanza ya sonona aliitumia kwa dozi ya kutosha na muda wa kutosha, ikapita kama maji. Ya pili, amitriptilini, ilimlaza, lakini alisema inamlaza ndani ya jinamizi na kumnyima njia ya kuamka.

Sokny alieleza jambo lingine, akiangalia chini. Mama yake alikuwa amempa jirani kinu chake cha kukamulia tambi. Hakuuza, alimpa. Daktari Kimleang alimuuliza Bibi Yoeun wazi, bila kuzunguka, kama anafikiria kufa. Bibi Yoeun aliitikia kwa kichwa. Jioni ile Daktari alipita dirishani kwangu akiwa amekunja uso. "Borin, huyu tukizubaa tunampoteza," alisema. Sikumbuki kama nililalamika kuhusu chochote siku ile.

Lile swali la nani anakuja lilipata jibu baada ya ziara kadhaa. Alikuwa anakuja Vutha, mwanawe wa kwanza, wa miaka mitano. Mwaka 1977 Bibi Yoeun alipelekwa kuchimba mifereji mbali na mtoto, na aliporudi aliambiwa mtoto hayupo. Hakuonyeshwa kaburi. Alisikia tu minong'ono kwamba alikamatwa akiokota mpunga, kosa la kuuawa siku zile. Tangu hapo usingizi ulimwonyesha alichokuwa hakukiona: Vutha anamwita, anataka wali, yeye anakimbia na bakuli, na kabla hajamfikia wanatokea wanaume wenye nguo nyeusi, walinzi wa enzi hiyo, wanamburuta.

Mpango wa Daktari ulikuwa hivi. Amitriptilini iondolewe kidogokidogo, kwa sababu nayo inashusha presha na zikikutana mbili bibi ataanguka. Ianzishwe dawa nyingine ya sonona, sertralini. Jinamizi lipewe prazosini, kwa dozi ndogo inayopanda taratibu. Dawa zote akae nazo Sokny, chini ya kufuli, na alale ubavuni kwa mama yake. Chandarua kikunjwe kama wote wanavyokunja.

Kulitokea kikwazo kidogo cha kuchekesha. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi duka la dawa aliisoma pakiti, na kesho yake Sokny akaja dirishani kwangu amefura. "Kaka Borin, hebu niambie taratibu nielewe," alisema, "mama yangu mimi ana tezi dume?" Nilimweleza kwamba dawa moja inaweza kuwa na kazi tatu, kama yeye mwenyewe anavyopika, kulea na kuendesha pikipiki. Aliondoka akicheka, na dawa ikaendelea.

Na ilifanya kazi. Dozi ilipopanda, Sokny alileta habari kwamba mama amelala hadi jogoo wa jirani alipowika, hakupiga kelele, hakutokwa jasho. Tulifurahi kama watu waliofunga bao. Mimi nilikwisha kuanza kuuota ule mchuzi wa kijani.

Halafu mambo yakageuka. Bibi Yoeun aliacha tena kula, akakataa kuja kliniki. Sokny akamkaripia, akambembeleza, asipate neno. Siku moja alikwenda kuchota samaki waliochachushwa kwenye mtungi wa jikoni, akakuta vidonge vyangu humo, vimevimba. Mama yake alikuwa akivificha chini ya ulimi kila usiku, kisha anavitia mtungini. Sokny alilia kwa simu mpaka nikashindwa kumwelewa, nikampa Daktari.

Mchana uleule Daktari Kimleang alisimamisha kliniki, akasema twende. Nilimpakia pikipiki. Bibi Yoeun alikuwa amelala ubavu mkekani, ameutazama ukuta. Daktari akakaa sakafuni, amekunja miguu upande mmoja kama mtoto anavyokaa mbele ya mzazi, wala hakutaja vidonge. Aliuliza kama kizunguzungu kilimsumbua. Hapana. Kama upepo ulipanda. Hapana. Nikaanza kutafuta neno la kusema, akanikanya kwa jicho.

"Mwanangu," Bibi Yoeun alisema mwishowe, bila kugeuka, "dawa yako inafanya kazi. Ndiyo maana siitaki."

Daktari alimwomba amweleze.

"Haji tena. Nalala kama gogo. Mtoto ametembea mbali, ana njaa, anafika anamkuta mama yake gogo. Nani mwingine anamkumbuka? Baba yake alikufa. Kaburi hana. Ana mimi tu duniani, na wewe umemfungia mlango."

Nilikuwa nimebeba dawa ile kutoka Phnom Penh kwenye mkoba wangu, na ghafla niliiona mbaya. Kwa nini mtu asikatae nafuu, kama nafuu yenyewe inamnyang'anya mtoto?

Daktari Kimleang hakumbishia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, akija huwa anakula?"

"Hajawahi kula. Wale wanaume hufika kabla."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi miaka yote hii siye anayekuja kwako. Wewe ndiye unayerudishwa kwao, na yeye yuko hukohuko, na hali kitu. Dawa yangu haimjui mtoto wako, mama. Mlango nimewafungia wale wanaume. Vutha mwite mahali pengine, penye chakula."

Bibi Yoeun aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso siku hiyo. "Mahali gani?"

"Pchum Ben inaanza wiki ijayo. Umewahi kumrushia tonge?"

Hakuwahi. Mwanamke huyu alikuwa akipika kwa ajili ya sherehe hiyo ya wafu kila mwaka, sufuria kwa sufuria, na zile siku kumi na tano ambazo waliokufa huzunguka pagoda kutafuta ndugu zao na sisi tukiwarushia matonge ya wali kabla ya jua kuchomoza, yeye hakuwahi kumrushia Vutha hata moja. Alisema hakuuona mwili. Akimrushia tonge kama mfu, atakuwa amemuua yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Huwa anakuja akiwa na miaka mitano," Daktari alimwambia. "Angekuwa hai, mama, mwaka huu angekuwa na miaka arobaini na minne."

Niliogopa. Nilidhani amekwenda mbali mno, kwa sababu Bibi Yoeun alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea, na Sokny akaingia mbio kutoka jikoni. Kumbe ni kilio tu, kile kilichokuwa kimemngoja tangu mwaka 1977. Alilia akiwa ameshika kiganja cha Daktari, na Daktari alikiacha pale mpaka ganzi ikamshika.

Walipatana kama watu wa sokoni. Bibi Yoeun alitaka ameze dawa wakati wa sherehe tu. Daktari alikataa, akamweleza kwamba prazosini haimezwi leo ikaachwa kesho, na kwa kuwa alikuwa ameiacha itabidi aanze tena na ile dozi ndogo kabisa. Bibi Yoeun akatoa sharti lake: Daktari aende naye pagoda. Daktari alikubali papo hapo. Anao watu wake wa kuwarushia, kama sisi sote, ingawa siku ile hakuwataja.

Yaliyotokea pagoda nilisimuliwa na Sokny. Walizunguka hekalu pamoja na watu wengine, watawa wakisali ndani, kila mtu akirusha matonge yake na kuita majina ya watu wake. Mkono wa Bibi Yoeun ulikataa kufunguka. Walizunguka mara ya kwanza, mara ya pili, tonge likazidi kubanwa mpaka wali ukatokea kati ya vidole. Mara ya tatu akaliachia, akaita jina la mwanawe kwa sauti kubwa kiasi cha watu kugeuka. Kisha akaketi kwenye ngazi, akasema ana njaa. Sokny alikimbia kumtafutia uji, akaumwaga nusu njiani kwa haraka, na mama yake akaunywa uliobaki.

Nisiwadanganye, sonona haikuondoka na lile tonge. Jinamizi lilipungua kwanza, wiki baada ya wiki, kadiri prazosini ilivyopanda, na kila alipokuja alipimwa presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Sonona yenyewe ilibisha zaidi. Sertralini iliongezwa ikaleta nusu nafuu, na baadaye Daktari akamwongezea dawa ya pili, dozi ndogo, ya kuisukuma ile ya kwanza. Ilichukua miezi. Palikuwa na siku za kurudi nyuma, na siku hizo Daktari aliniambia nisikunje uso dirishani kwa sababu wagonjwa wanaona. Lakini Bibi Yoeun hakuficha tena kidonge, na siku moja alikwenda kwa jirani kudai kinu chake. Jirani alikwisha kukizoea. Waligombana mpaka mkuu wa kijiji akaitwa, na Daktari Kimleang aliposikia kuna ugomvi wa kinu alifurahi kuliko siku aliyopewa nishani.

Kisha asubuhi moja harufu ya mchuzi ikatufikia kabla hatujaliona geti. Watu walikimbia. Daktari wa zamu alikimbia na koti lake. Daktari Kimleang alijaribu kupenya mbele, akaambiwa apange foleni kama wengine, akapanga, akitabasamu peke yake kama mtu aliyepewa mtoto amshike.

Jambo la mwisho nililishuhudia mwenyewe. Ulikuwa mwaka uliofuata, baada ya Pchum Ben nyingine. Daktari Kimleang alikuwa ameegemea dirisha langu tukibishana juu ya dawa zilizochelewa, Bibi Yoeun akaja kuchukua vidonge vyake vya mwezi. Alivipokea, akavitia kwenye krama, hakuondoka.

"Amekuja," alisema.

Daktari aliacha kubishana. "Vutha?"

"Amekuja kwangu, nyumbani, si kule. Sufuria ilikuwa motoni. Alikaa mkekani akala bakuli zima, akaomba la pili."

"Na wale wanaume?"

"Hawakuja. Alikula polepole, mwanangu. Hakuna aliyetuharakisha."

Daktari Kimleang, ambaye kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akitoa chozi mbele ya mgonjwa, alilia pale dirishani bila kujificha. Nami nililia. Bibi Yoeun ndiye aliyetutazama kwa huruma, akatuuliza kama tumekula. Foleni ilisubiri na hakuna aliyelalamika.

Daktari Kimleang, wako watu wengi katika wilaya hii wanaolala usiku kwa sababu yako, na wengine wao wamo ukumbini leo wakisinzia wakati haya yakisomwa. Ahsante kwa hao, na kwa wale uliokaa nao bila kuwaponya, maana ulikaa nao hivyohivyo. Tunakutakia usingizi usiokatizwa na asubuhi zisizo na kengele. Rudi nyumbani kwa watu wako, walio hai na wanaokuja. Weka sufuria motoni, kaa mkekani, ule polepole. Sasa hakuna atakayekuharakisha.